Sura ya Sita: Giza la Ijumaa Mchana

Waliokuwapo uani kwa Mzee Soud bin Khalfani, mjini Tabora, Jumapili tarehe 13 Septemba 1953, saa sita mchana, walikuwa hawa: Mzee Soud mwenyewe, mfanyabiashara wa asali na nta; Zeyana, binti yake; Hilari Kornel, karani wake, Mzaramo wa Kisarawe; mshtakiwa, Yoramu Mahona, Mnyamwezi wa Usoke, mtumishi wa nyumba hiyo kwa miaka kumi na tisa; Eustadia, mkewe Yoramu, aliyefika moja kwa moja kutoka kanisani; askari mmoja wa kumlinda mshtakiwa; na Sajini Wenceslaus Ng'washi wa upelelezi, ambaye ndiye aliyeyaandika majina haya.

Baragumu lenyewe halikuwapo, na kukosekana kwake ndiko kulikowakutanisha. Lilikuwa pembe ya tandala, ndefu kama mkono wa mtu mzima, iliyofungwa ngozi katikati. Babu yake Yoramu alikuwa kirangozi. Aliipiga pembe hiyo mbele ya misafara ya babu yake Mzee Soud, kutoka Tabora hadi Bagamoyo na kurudi. Misafara ilipokwisha, pembe ilibaki kwa mwenye mali, ikatundikwa kwenye msumari ndani ya ghala. Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, Mzee Soud alimwonyesha mgeni wake. Baada ya sala ya isha msumari ulikuwa peke yake.

Dhidi ya Yoramu palikuwa na mambo matatu. La kwanza, mwaka uliopita alisema mbele ya watu kwamba pembe ile ni ya ukoo wake. La pili, Hilari aliandikisha kwamba alipita uani wakati wa magharibi, akamwona Yoramu akitoka ghalani na kitu kirefu kwapani. La tatu ilikuwa picha. Zeyana ndiye aliyeipiga kutoka dirishani, naye aliisafisha mwenyewe Jumamosi asubuhi katika studio ya mjomba wake, Ghalibu, aliyekuwa amesafiri kwenda Kigoma. Picha ilimwonyesha Yoramu mlangoni mwa ghala, kitu kirefu kwapani kushoto, kiatu kimoja mkononi, shingo imegeuka nyuma, na giza limemzunguka pande zote.

Zeyana alisema aliipiga Ijumaa saa sita na nusu mchana. Yoramu alisema vivyo hivyo. Inspekta aliiangalia picha, akaigeuzia dirishani, akauliza, "Huu ni mchana wa nchi gani?" Kisha akaamuru mshtakiwa afikishwe kwa hakimu Jumatatu saa tatu asubuhi.

Sajini Ng'washi alikuwa na saa ishirini na moja.

"Bi Zeyana," alisema, "nifundishe kupiga picha kama ulivyofundishwa. Usiruke hatua hata moja."

Zeyana alitoa kamera katika mfuko wake wa ngozi. Buibui lake lilikuwa limepauka madoa ya dawa kwenye mkono wa kulia. "Chungulia hapa, Sajini. Utamwona Yoramu mara mbili."

"Namwona mara mbili. Mmoja amefifia."

"Zungusha lenzi mpaka hao wawili wawe mmoja. Wakishaungana, umbali umekwisha kupimwa."

"Mmoja tu anatutosha," Hilari alisema kutoka kizingitini. "Wanyamwezi wawili wa namna hii watamaliza ghala zima."

Siku nyingine Yoramu angecheka. Watani hao walikuwa wakichokozana tangu Hilari alipoajiriwa, kwa haki ile ile ambayo Wazaramo na Wanyamwezi waliachiana tangu enzi za misafara. Safari hii alijibu bila kugeuka. "Mizigo iliwashinda babu zako, mtani. Wewe kaa hapo hapo kivulini, hiyo ndiyo kazi mnayoiweza."

"Tuendelee," alisema Sajini. "Kwa nini unajifunza kazi hii, Bi Zeyana?"

"Kwa sababu ya harusi. Wanawake wa nyumba zetu hawapigwi picha na mwanamume. Mjomba anaitwa harusini, anaishia barazani na wanaume. Wazee wote wana picha. Bibi harusi hana. Akasema, basi jifunze wewe, uingie ndani. Ameniachia kamera, filamu mbili na hiki."

Alinyoosha kidude cheusi kinachoenea kiganjani, chenye kioo usoni na sindano nyembamba iliyokuwa ikitetemeka.

"Kipimamwanga," alisema. "Sindano inakwenda kadiri ya mwanga unaokifikia. Ukiisoma namba yake, unazungusha sahani hii, nayo inakwambia mambo mawili: tundu la lenzi liwe kubwa kiasi gani, na pazia la kamera lifunguke kwa muda gani. Namba ya tundu ikiwa kubwa, tundu lenyewe ni dogo. Hilo lilinisumbua siku mbili."

Sajini aliandika. "Ijumaa ulipima nini?"

"Kijitabu chake kinaagiza: sogeza kipimo karibu na kitu kilicho muhimu zaidi katika picha."

"Na kilicho muhimu zaidi kilikuwa nini?"

Zeyana aliinamisha macho. "Baba alikuwa amesimama juani, tayari kwenda msikitini."

Mzee Soud alijikohoza. "Alinisogezea kidude hicho kifuani kama daktari. Nikamwambia, binti, watu wanangojea sala."

"Kwa hiyo ulipima kanzu yake."

"Nilipima kanzu ya baba. Tundu kumi na sita, pazia moja ya mia mbili ya sekunde. Nikaandika katika daftari, nikapanda dirishani, nikapiga picha zote kumi na mbili kwa kipimo hicho hicho. Zote zimetoka na giza, Sajini. Nilidhani nimeharibu dawa."

Sajini alifungua daftari. Ukurasa ulikuwa na mistari iliyopigwa kwa rula, namba moja hadi kumi na mbili, na mbele ya kila namba tarakimu zile zile. Inspekta aliwahi kuuona ukurasa huo, akasema tarakimu zaweza kuandikwa siku yoyote. Hilo lilikuwa kweli. Lakini kama tarakimu zaweza kuandikwa siku yoyote, Sajini alifikiri, basi zaweza pia kujaribiwa siku yoyote.

"Mzee, shikamoo tena," alisema. "Nakuomba uvae kanzu ile ile ya Ijumaa."

"Marahaba. Imekwisha kwenda kwa dobi."

"Iliyo nyeupe kama hiyo."

"Kanzu zangu za Ijumaa zote ni nyeupe, bwana. Hatuzipangi kwa daraja." Akaingia ndani kubadili.

Aliporudi, Sajini alimsimamisha juani, akasogeza kipimamwanga kwenye kifua cha kanzu. Sindano iliruka karibu mwisho wa kioo. Alizungusha sahani. Tundu kumi na sita. Moja ya mia mbili. Alisoma kwa sauti, akamwita Hilari.

"Karani, umezoea mizani. Soma hapa."

Hilari alisoma. "Kumi na sita. Mia mbili."

"Weka sahihi kando ya mstari huu."

Kisha Sajini alichuchumaa, akaelekeza kipimo kwenye udongo wa ua, ule udongo mwekundu mbele ya ghala. Sindano ilishuka. Akakipima kitanga cha mkono wake mwenyewe; ikasimama karibu pale pale.

"Tundu kumi na moja," alisema, "moja ya mia. Jua halijabadilika, wala saa haijabadilika. Kwa nini kipimo kimebadilika?"

 Zeyana alikuwa ametoa kijitabu, akipeleka kidole kwenye mistari. Alifika chini ya ukurasa wa pili, akasoma tena polepole, na kidole kikakaa hapo.

"Kwa sababu hakijui kinatazama nini," alisema. "Kila kitu kinakichukulia kuwa cha kijivu, kama udongo. Kikiona kanzu, hakijui ni kanzu. Kinadhani jua limezidi, kinaniambia: punguza. Mimi nikapunguza."

"Kwa kiasi gani?"

"Udongo unataka mwanga mara nne ya ule nilioupa." Alifunga kijitabu. "Niliwapima watu wote wa Tabora kwa kanzu ya baba."

"Si wewe wa kwanza," Mzee Soud alisema.

Sajini hakucheka, lakini alichelewa kuandika mstari uliofuata. Alimwomba Yoramu aingie ghalani na atoke kama alivyotoka Ijumaa.

Yoramu alitoka na mkeka ulioviringishwa, kwapani kushoto. Kila Ijumaa alipeleka mikeka mitatu msikitini kwa ajili ya wale waliokosa nafasi ndani, na baada ya sala aliirudisha. Alikuwa Mmoravian, na mikeka ya msikiti ilikuwa ikimjua kwa miaka kumi na tisa. Mlangoni alisimama, akavua katambuga ya mguu wa kulia, akaishika mkononi.

"Ugwe ulikatika hapa hapa," alisema. "Nikaenda na mguu mmoja mtupu mpaka kwa fundi viatu. Alinishonea kabla ya sala. Hiyo siku ulikatika mara moja tu, afande. Nilimwambia Inspekta. Akaniambia viatu havitoi ushahidi."

"Fundi nimemwona jana," Sajini alisema. "Anakumbuka katambuga. Hakumbuki siku."

Kutoka dirishani, Sajini alipiga picha mbili: ya kwanza kwa kipimo cha kanzu, ya pili kwa kipimo cha udongo. Alilinganisha Yoramu wawili mpaka wakawa mmoja.  Kisha kamera ikafungiwa kabatini, na ufunguo akautia mfukoni.

*

Saa kumi na mbili na dakika hamsini jioni walikuwa uani tena, watu wale wale. Jua lilikuwa limezama nyuma ya miembe ya barabara ya Ujiji, na mwadhini alikuwa amemaliza. Hiyo ndiyo saa aliyoitaja Hilari katika maelezo yake.

Zeyana alielekeza kipimamwanga kwenye ukuta wa ghala. Sindano ililala mwanzoni mwa kioo. Alikigonga kwa ukucha. Haikuinuka.

"Kinasema nini?" aliuliza Eustadia. 

"Kinasema hakuna kitu, dada. Kwa mkono mtupu, bila kuegemeza kamera, hapigwi picha mtu."

"Mimi namwona mume wangu vizuri."

"Jicho linaona. Filamu inahitaji kuvumiliwa."

Sajini alirudisha kamera kwenye tarakimu za Ijumaa: tundu kumi na sita, moja ya mia mbili. Yoramu alitoka ghalani na mkeka na katambuga. Picha ya tatu ikapigwa. Sauti ya pazia ilikuwa ndogo, kama mtu aliyefunga kisanduku cha kiberiti.

"Sasa nini?" aliuliza Mzee Soud.

"Sasa dawa, mzee. Kesho saa kumi na mbili asubuhi tutasafisha karatasi. Naomba wote mje studio. Karani, wewe usikose. Wewe ndiye shahidi mkuu."

"Nitakuwapo," alisema Hilari. Hakutania.

*

Filamu ilisafishwa jioni ile ile na kuanikwa katika studio. Mlango ulifungwa kwa kufuli la polisi. Jumatatu asubuhi Sajini aliufungua mbele ya wote. Chumba cha giza kilikuwa kidogo, na haikufaa mwanamume aingie humo na Zeyana. Eustadia ndiye aliyeingia naye. Ili mtu asiseme kuwa mke wa mshtakiwa alikuwa ndani peke yake na ushahidi, Sajini alikata pembe za negativu tatu kwa alama zake na kuzitia sahihi katika daftari, na Hilari naye akatia yake. Kisha Sajini akasimama nje ya mlango na saa mkononi.

"Ijumaa ulihesabu hadi ngapi, Bi Zeyana, taa ilipowaka juu ya karatasi?"

"Hadi nane. Mjomba anasema nane ndiyo desturi."

"Leo pia nane, kwa zote tatu. Nitahesabu mimi."

Alihesabu kupitia ubao wa mlango, kwa sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Mara tatu alifika nane. Wakati karatasi zilipokuwa katika dawa, alimgeukia Hilari.

"Karani, tukingoja, nisomee maelezo yako ya Jumamosi. Kama kuna neno la kuondoa, liondoe."

Hilari aliipokea karatasi. "'Nilipita uani wakati wa magharibi. Nilimwona Yoramu Mahona akitoka ghalani. Alikuwa na kitu kirefu kwapani kushoto. Katambuga moja alikuwa ameivua, ameishika mkononi, ili asisikike. Aligeuza shingo akaangalia nyuma.'"

"Kuna la kuondoa?"

"Hakuna, afande."

"Uliona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

"Hukusimuliwa?"

"Sikusimuliwa na mtu."

"Vema. Hilo la mwisho naliandika kama ulivyolisema."

Mlango ulifunguliwa. Zeyana alitoka na sinia ya maji, karatasi tatu zikielea ndani yake. Aliiweka juu ya meza chini ya dirisha. Sajini alitoa jaladani picha ya Ijumaa, akaiweka kando ya sinia.

Karatasi ya pili, iliyopigwa kwa kipimo cha udongo, ilikuwa mchana mtupu: ukuta mweupe, mkeka ukihesabika miwaa yake, na kivuli cha Yoramu kifupi miguuni kama kitambaa kilichomdondoka. Karatasi ya kwanza, iliyopigwa dakika moja kabla yake kwa kipimo cha kanzu, ilikuwa giza. Ilikuwa giza lile lile la Ijumaa, na ndani yake mtu yule yule na mzigo ule ule. Mzee Soud aliinama juu ya zote mbili, akatazama huku na huku, akashindwa kusema ipi ni ya siku ipi mpaka alipoonyeshwa alama ya pembeni.

Karatasi ya tatu, ya magharibi, ilikuwa nyeusi kutoka ukingo hadi ukingo. Hapakuwa na ghala, wala mlango, wala mtu.

"Haikushika," alisema Eustadia.

"Haikushika, mama, na isingeweza kushika," alijibu Sajini. "Kwa tarakimu za daftari la Bi Zeyana, magharibi haitoi kitu. Picha ya Ijumaa imetoa kitu. Kwa hiyo picha ya Ijumaa si ya magharibi, ni ya kabla ya alasiri, baragumu likiwa bado msumarini."

"Inspekta atasema tarakimu za daftari ni za uongo," alisema Mzee Soud.

"Atasema. Nami nitamjibu kwa negativu yenyewe." Aliinua negativu ya Ijumaa dirishani, akampa mzee kioo cha kukuza. "Tazama chini ya miguu ya Yoramu. Katika negativu kivuli ndicho chenye uwazi."

Mzee alitazama kwa muda mrefu. "Kifupi," alisema hatimaye. "Kimemkalia miguuni."

"Jua la magharibi haliwezi kufanya kivuli cha namna hiyo. Juzi hatukukiona kwa sababu hatukujua mahali pa kutazama. Tulitazama giza, tukaridhika."

Eustadia alikaa juu ya kisanduku cha karatasi, kikabonyea. Hakuna aliyemwambia ainuke. Yoramu alikuwa akiangalia kivuli chake ndani ya maji ya sinia.

"Limebaki jambo moja," alisema Sajini, akiwa amemgeukia Hilari. "Katambuga ilikatika mara moja, Ijumaa saa sita na nusu mchana. Mkeka ulikuwa kwapani kushoto saa sita na nusu. Shingo iligeuka saa sita na nusu. Wewe umeyaona yote hayo magharibi, kwa macho yako, bila kusimuliwa. Mahali pekee ambapo mambo hayo yako pamoja na giza ni kwenye karatasi hii. Jumamosi asubuhi ilikuwa imeanikwa wapi, Bi Zeyana?"

"Hapa dirishani. Hilari aliikuta hapo alipoleta ufunguo wa nyumba kutoka kwa baba."

Hilari alikuwa akitazama karatasi nyeusi, ile ya tatu, kana kwamba hiyo ndiyo iliyomtaja. 

"Halikuibwa," alisema. "Limepasuka."

Aliirudisha karatasi ya maelezo yake juu ya meza.

"Ijumaa jioni nilikuwa nafunga ghala. Nikalishusha. Nilitaka nimwonyeshe mtani kwamba Mzaramo naye anaweza kulipiga; nilikuwa nimpigie nyuma ya kisogo akiwa anateka maji. Nikapuliza, likatoa sauti ya mbuzi. Nikacheka, likaniponyoka juu ya jiwe la mizani. Mdomo wake umefunguka ufa wa kidole. Nililisukumia ndani ya gunia la nta, lile la mwisho ukutani. Nikasema nitalitoa kesho. Kesho yake nikaona picha."

"Ukaona giza," alisema Sajini.

"Nikaona mtu mwingine wa kulaumiwa."

Yoramu aliinua macho. "Ungeniambia, Hilari. Siku ile ile. Ningekutoza jogoo na kukutukana mwaka mzima, na ndio ungekuwa mwisho wake."

"Najua."

"Ufa wa kidole, nta inaziba. Babu alikuwa akiuziba hivyo njiani. Ulilificha ndani ya dawa yake."

Mzee Soud alitoa kicheko kifupi kilichomshangaza mwenyewe, akafuta macho kwa ncha ya kilemba.

Sajini Ng'washi alitazama saa yake. Ilikuwa saa moja na dakika ishirini asubuhi. Alifunga daftari la Zeyana na kumrudishia kwa mikono miwili; kisha akasimama wima, kama alivyosimama alipokuwa akiandika majina, akawatangazia wote.

"Uamuzi ninaoupeleka kwa Inspekta ni huu, nanyi mnausikia kwanza. Hapakuwa na wizi. Yoramu Mahona hafiki mbele ya hakimu leo; anakwenda nyumbani na mkewe sasa hivi, kwa mlango wa mbele. Askari, mwachie. Picha inabaki jaladani, na nyuma yake imeandikwa saa sita na nusu mchana. Hilari, kuvunja pembe ni neno lako na mtani wako, na bei yake ni jogoo, polisi hawamo. Lakini utani hauingii katika maelezo yaliyotiwa sahihi. Kwa hayo utanifuata kituoni, kwa miguu yako, bila pingu, baada ya kutuonyesha gunia. Na wewe, mzee, nakuomba jambo moja: Ijumaa ijayo, mikeka ipelekwe msikitini na mtu yule yule."